Simba wa Broadway na Simba wa Msimbazi

Mwulize mtoto yeyote wa Kariakoo Simba anakaa wapi, atakunyooshea kidole Mtaa wa Msimbazi, kwenye jengo la klabu. Halafu muulize Mmarekani swali hilo hilo. Atakwambia Simba yuko New York, mtaa wa Broadway, kwenye jumba linaloitwa Minskoff, na anaimba na kucheza kila wiki mbele ya watu waliolipa dola, tena si dola za kuokoteza. Mmoja amejaza uwanja, mwingine amejaza jukwaa, na wote wawili wametoka kwenye neno letu moja la Kiswahili.

Basi wapenzi wasomaji, wiki hii safu yenu imevaa raba. Tunatembea kwa mguu kutoka Mnazi Mmoja mpaka Msimbazi, na njiani tunaongelea kitu ambacho vijana wengi wa Bongo tunakiona kwenye filamu tu: ule mchezo wa jukwaani ambao watu wanaongea, wanaongea, halafu ghafla mapenzi yakiwazidi au hasira zikiwapanda wanaanza kuimba, na jirani zao wote wanaingia na stepu kana kwamba walikuwa wanasubiri nyuma ya mlango. Wamarekani wanajidai ni mali yao. Sawa, tuwaachie. Ila mimi nasema huku kwetu tulikuwa nao wa kwetu, ulijaza kumbi, ulivunja ndoa na kuunga nyingine, na leo ukiutafuta huuoni.

Tuanzie Mnazi Mmoja. Wengi tunapajua kama pa kupumzikia na kupanda daladala, lakini uwazi ule haukubaki hivi hivi kwa bahati. Wakoloni walipanga mji kwa mafungu: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, na Uswahilini huku nyuma, na hapa wakaacha uwazi wa kututenga. Ukivuka Mnazi Mmoja ulikuwa umeingia Kariakoo, na Kariakoo yenyewe jina limetoka vitani. Waingereza walipouteka mji huu kwa Wajerumani mwaka 1916, wapagazi wao wa jeshi, Carrier Corps, waliwekwa maeneo haya. Mswahili akalipitisha jina mdomoni likatoka Kariakoo. Wale wapagazi walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, na sisi leo tunaitaja Kariakoo tukifikiria simu na madera.

Sasa sikia. Katika miaka hiyo hiyo Uswahilini ilikuwa na shoo yake, inaitwa beni. Ilianzia pwani ya kaskazini, huko Lamu na Mombasa, kabla ya vita, ikashuka mpaka Dar, na askari na wapagazi wakaisambaza hadi bara. Jina ni "bendi" ya Mzungu. Ngoma kubwa, tarumbeta kwa aliyeweza kuzipata, sare zilizopigwa pasi, gwaride, na vyeo: huyu kapteni, huyu jenerali, yule kingi. Dar ilikuwa na makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona watu wa daraja, wenye kazi na shule. Arinoti ni watu wa kawaida waliokuja mjini kutafuta riziki. Walishindana kwa nguo, kwa nyimbo za kuchambana, na kwa karamu ambazo mtu alikubali kukopa ili tu mwenzake aaibike. Hapo Yanga haijazaliwa (ilikuja 1935) wala Simba (1936), lakini mji tayari ulikuwa umegawanyika vipande viwili. Dar hatujawahi kuwa na kitu kimoja bila kukitafutia mpinzani wake.

Na wakati beni inapiga gwaride huku, New York ilikuwa inafanya nini? Mwaka 1903 Wamarekani weusi walipanda jukwaa kubwa la Broadway na mchezo wa nyimbo ulioitwa In Dahomey. Nyota walikuwa Bert Williams na George Walker, muziki ukatungwa na Will Marion Cook, na ndiyo mara ya kwanza mchezo mzima wa aina ile ulioandikwa na kuchezwa na weusi kuingia jumba kubwa la pale. Mwaka huo huo ukaenda London na ukachezwa mpaka kasri ya mfalme. Dahomey ni nchi ya Afrika, leo inaitwa Benin. Kwa hiyo fikiria mwenyewe: kule mtu mweusi wa Marekani anaigiza safari ya Afrika asiyoijua, na huku Mswahili wa pwani anaigiza jenerali wa Kizungu. Kila mmoja amevaa nguo za mwenzake, wote wanacheka, na ndani ya kicheko kuna machungu yao. Mimi hapo huwa nashindwa kusema nani alimuiga nani.

Baadaye kule mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1921 ikaja Shuffle Along, ya weusi tena, iliyofanya wazungu wafukuzane na tiketi. 1927 ikaja Show Boat, na hapo ndipo wimbo ulipoacha kuwa pambo ukaanza kubeba hadithi, tena hadithi ya ubaguzi, si kicheko kitupu. 1943 ikaja Oklahoma!, ikachezwa mara 2,212 bila kushuka jukwaani. 1957 ikaja West Side Story: Romeo na Juliet wa Shakespeare wamegeuzwa vijana wa magenge mawili ya mitaani New York. Mwandishi wa Kibongo mwenye akili angekuwa ameshaandika ya kwetu zamani. Kijana wa Jangwani, damu ya kijani na njano, anazimikia binti wa Msimbazi ambaye baba yake ni mwanachama wa Simba tangu ikiitwa Sunderland. Hata sumu ya mwisho haihitajiki, siku ya mechi tu inatosha kumaliza mambo.

Ukitoka uwanjani Mnazi Mmoja, kando ya barabara ya Bibi Titi, lipo jengo la Arnautoglu. Jina ni la Mgiriki tajiri wa mkonge aliyelitolea fedha miaka ya 1950 liwe la jamii. Leo pana chuo cha maendeleo ya wananchi. Wazee wa Gerezani ukiwatajia Arnautoglu hawakumbuki chuo, wanakumbuka dansi: suti, tai, viatu vinavyong'aa mpaka unajiona. Na angalia majina ya bendi za mji huu: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, NUTA Jazz. Jazz ni neno la Marekani. Wakalibandika juu ya muziki ambao ukiusikiliza vizuri una harufu ya Cuba na Kongo, na midundo ya Kizaramo na Kinyamwezi imejificha kwenye besi. Tulichokopa Marekani ni kibao cha mlangoni. Ndani tulipika wenyewe.

Mwalimu hakuwa na furaha sana na kukopa huko. Desemba 1962, alipoanza urais, aliunda wizara ya utamaduni na vijana, na akawasema waziwazi wasomi waliojua rumba, chachacha na twist huku ngoma za kwao hata jina hawazijui. Lakini maneno yalikuja kugeuka fimbo. Oktoba 1968 hapa Kariakoo vijana waliwavamia wanawake waliovaa sketi fupi, mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU ukaendesha Operesheni Vijana dhidi ya mini, mawigi na suruali za kubana, na Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku mjini. Yaani James Brown alikuwa adui wa taifa! Mnaniuliza kama iliwazuia vijana kucheza? Kwani wewe ulipokatazwa simu shuleni uliacha?

Hata hivyo, tuseme ukweli, ile sera ya utamaduni ilizaa mtoto ambaye hata wenyewe hawakumtarajia, na hapa ndipo nilipokuwa nataka tufike. Serikali ilianzisha kikundi cha taifa cha ngoma, ikapeleka vijana China kujifunza sarakasi, ikaongeza kikundi cha maigizo. Baadaye vikavunjwa, na mwaka 1981 kikabaki Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Lakini tamu ilikuwa imeshaonjwa. Mashirika ya umma, majeshi na watu binafsi wakaanzisha vikundi vyao, vikaingia kwenye mabaa na kumbi za Ilala, Temeke, Magomeni, Kinondoni. DDC, lile shirika la maendeleo la jiji lililokuwa na Mlimani Park yake kwenye dansi, likawa na Kibisa upande wa ngoma. Norbert Chenga akawa na Muungano.

Mimi sikuyaona. Nilizaliwa mziki umeshazimwa. Shangazi yangu ndiye aliyekuwa hakosi, na ukimkuta na raha zake atakusimulia mpaka chai ipoe. Ulikuwa unalipa kiingilio kimoja, kiasi cha mtu wa kawaida, unakaa na soda yako au bia yako kuanzia jioni. Inaanza ngoma: Sindimba, Mdundiko, mtu anachezea nyoka mpaka wenye moyo mdogo wanahamia viti vya nyuma. Halafu sarakasi za Kichina zilizoswahilishwa. Kwaya. Kichekesho. Igizo refu la mume aliyepata hela akasahau mke, au binti aliyekwenda kwa mganga. Mwisho taarabu, na hapo ndipo ukumbi unaposimama. Saa nne, saa tano za burudani, watu wale wale, mchana anapiga ngoma na usiku ndiye baba mkwe kwenye igizo.

Ndiyo maana nasema ulikuwa ni mchezo wetu wa nyimbo. Mmarekani alivichanganya wimbo, ngoma, kichekesho na hadithi kwenye sufuria moja, sisi tukavipanga kwenye sinia, kila kimoja na bakuli lake, na mlaji mwenyewe anachota. Na kuna kitu ambacho Broadway haina hadi kesho: mtazamaji anapanda jukwaani. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomchoma fulani, mama anainuka na noti yake, anacheza polepole kuelekea mbele, anatunza, na njiani anamtupia jicho yule anayemlenga, aliyekaa meza ya tatu na mume wa watu. Hadithi ya jukwaani imeisha, ya ukumbini ndiyo inaanza. Wanawake ndio waliokuwa wengi kwenye kumbi hizo, na shangazi anasema usipime, wapo waliokwenda kuachwa na wapo waliokwenda kuacha.

Mwaka 1992 Tanzania ikaingia vyama vingi, na mwaka huo huo CCM ikaanzisha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Chukua hatua chache kutoka Mnazi Mmoja uingie Mtaa wa Lumumba, ofisi ya chama hiyo hapo, na TANU nayo ilianzia mtaa huu mwaka 1954. Chama kilijua kuwa mkutano bila muziki ni msiba. TOT ikaja na vyombo, na ikaja na Khadija Kopa kutoka Zanzibar. Muungano nao walikuwa na Nasma Khamis, "Kidogo". Ee bwana wee! Mji ukapasuka tena katikati. Huyu akitoa kijembe Jumamosi, yule ana jibu, na mashabiki wamevaa kanga zenye jibu kabla hata wimbo haujarekodiwa. Ndiyo mipasho hiyo mnayoisikia leo kwenye harusi. Marini na Arinoti walikuwa wamefufuka, safari hii wamevaa dhahabu na mikufu.

Sasa mbona havipo? Watu wengi wanalaumu televisheni, na ni kweli inahusika. ITV ilianza 1994, waigizaji wakaona heri sura ionwe na nchi nzima kuliko baa moja. Kaole wakatoka hapo, na kutoka Kaole akatoka Steven Kanumba na wenzake waliotuletea Bongo movie. Mashirika ya umma nayo yakabinafsishwa, na mwenye mali mpya hana bajeti ya mcheza nyoka. Hayo yote sawa. Lakini Marekani nako televisheni ilikuja, tena mapema kuliko kwetu, na Broadway haikufa. Mimi naona tofauti kubwa ni mbili, na wala si kipaji.

Ya kwanza ni karatasi. Maigizo ya kumbi zetu hayakuwa yameandikwa. Kiongozi anawapa waigizaji kisa kwa mdomo, wewe mume, wewe mke, wewe jirani mbea, maneno kila mtu anayatoa kichwani. Ilikuwa raha, maana kilichotokea mtaani Jumatano kiliweza kuingia kwenye igizo Jumamosi, na hilo Mmarekani na maandishi yake hawezi. Lakini mwigizaji akihama amehama na mchezo wake. Leo hii mimi na washikaji zangu tukitaka kurudia igizo moja la Muungano la miaka ile, tutalitoa wapi? Oklahoma! hata shule ya sekondari ya huko kijijini Marekani inaweza kuicheza kesho, ikilipia ruhusa, kwa sababu maneno yapo, nota zipo.

Ya pili ni nyumba. Na hapa turudi kwa Simba wa Broadway. Disney walitoa filamu yao ya The Lion King mwaka 1994, na Novemba 1997 wakaipandisha jukwaani, Julie Taymor akiwa mwongozaji. Jumba walilofungulia, New Amsterdam, liko Mtaa wa 42, mtaa ambao miaka ya nyuma yake ulikuwa wa sinema za ngono na wauza unga. Jumba lilikuwa gofu. Jiji na jimbo la New York wakatoa mkopo nafuu, likakarabatiwa, mtaa mzima ukabadilika. Mwaka 2006 mchezo ukahamia Minskoff na mpaka leo unakwenda. Umechezwa Tokyo, London, Hamburg, na mwaka 2007 Johannesburg. Watu waliouona duniani wamepita milioni 100.

Ndani yake sasa: Simba ni simba. Rafiki, yule nyani mwenye hekima, ni rafiki. Pumbaa ni pumbaa hivyo hivyo, amepumbaa. Shenzi, yule fisi, hahitaji tafsiri kwa mtu aliyesoma shule za kata. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi ya jangwani, na hapo nawapa hongera maana hata sisi wengi hatulijui neno hilo. Na ile hakuna matata, ambayo Mdar es Salaam halisi haisemi (sisi tuna hamna shida, na hamna noma), bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imeshaipeleka duniani mwaka 1982 kwa wimbo wao wa kuwakaribisha wageni. Disney wakaisajili Marekani kama alama yao ya biashara kwenye nguo, usajili ukapita mwaka 2003. Kelele za Waafrika zilikuja 2018. Miaka kumi na mitano baadaye! Wenzetu walikuwa na karatasi, sisi tulikuwa na usemi.

Sitaki nionekane namlilia Mmarekani. Neno halipungui likitumiwa. Lakini mwenye kumbi na karatasi ndiye anayekula, na hapo ndipo moyo unaniuma nikizunguka mitaa hii. Lile soko alilolichora Beda Amuli, lenye paa kama miavuli ya zege, Mwalimu akalifungua mwaka 1975, lilipoungua Julai 2021 nchi nzima ilisimama, fedha za kulijenga upya zikatafutwa. Vizuri kabisa. Hebu sasa nitajie jumba moja la burudani lililoharibika mji huu likatafutiwa fedha namna hiyo. Drive-in ya Msasani, sinema ya magari iliyofunguliwa 1966, ilivunjwa, na uwanja wake ndio uliochukuliwa na ubalozi wa Marekani baada ya ule wa zamani kulipuliwa mwaka 1998. Wamarekani wenyewe wamekaa pale ambapo tulikuwa tunatazama filamu zao!

DDC Kariakoo, ukumbi ambao kwa miaka mingi Sikinde walikuwa nyumbani, ukilitaja kwa mtu wa umri wangu anakuuliza ni duka la nini. Na simlaumu. Kariakoo ya leo kila futi ya mraba ina bei, fremu moja ya kuuzia vifuniko vya simu inaingiza kuliko bendi ya watu ishirini. Ukiwa na jengo hapa, utawapangisha wacheza Sindimba?

Kwa hiyo mimi na wenzangu wawili, mmoja anapiga kinanda kanisani na mwingine anatunga mashairi ya harusi kwa malipo, tumeanza kukaa na shangazi Jumapili. Yeye anasimulia igizo la mume aliyepata hela, sisi tunaandika. Tumejaza daftari moja la kurasa 96, mke ameshajua kila kitu, na mume bado hajarudi nyumbani. Shangazi ameshatuonya kuwa nyimbo za sehemu ya pili hazikumbuki zote, na kwamba wapo wenzake wawili Ilala wanaozikumbuka ila hawasemeshani tangu enzi za TOT na Muungano. Jumapili ijayo tunakwenda kwanza kwa yule wa TOT.